Swali la lugha: "Picha ya Lepape" ni picha ya nani?

Msomaji ameuliza hivi: "Naandika maelezo ya picha za fesheni kutoka Gazette du Bon Ton, lile gazeti la Paris lililoanza 1912. Nimeandika 'picha ya gauni ya Poiret ya Lepape' (Poiret ndo mshonaji, Lepape ndo mchoraji), mwenzangu kanicheka, eti haieleweki, halafu eti niseme mchoro sio picha. Nani yuko sahihi?"

Kwenye picha na mchoro usihangaike. Picha inachorwa na picha inapigwa, kitenzi ndo kinachotenganisha, mi ningeacha picha tu maana ukisema mchoro wengine wanawaza ramani ya nyumba.

Ila hapo kwingine mwenzako ana haki ya kucheka. "Picha ya Lepape" inaweza kuwa picha anayoonekana Georges Lepape mwenyewe, au picha yake aliyoitundika ukutani, au aliyoichora, na wewe umepanga "ya" tatu mfululizo msomaji ajitegemee. Anza na gauni, hilo ni la, "gauni la Poiret" (najua mtaani tunasema gauni ya, lakini hapa inakuponza), halafu mchoraji mpe kitenzi chake: "picha ya gauni la Poiret, iliyochorwa na Lepape". Imeisha.

Sasa ukitaka kuongeza habari ya rangi, usiandike "imechapwa kwa rangi" ukaishia hapo. Zile picha zilitengenezwa kwa pochoir, yaani mistari inachapwa kwanza, halafu mafundi wanakata bati jembamba matundu ya kila rangi, wanaliweka juu ya karatasi na kupaka kwa brashi, rangi moja baada ya nyingine, kwa mkono (sio ile stensili ya mitihani ya shule, hii ni kazi ya subira). Kwa hiyo sema "ilichorwa na Lepape, ikachapwa, ikapakwa rangi kwa mkono", hiyo -ka- inakupangia hatua bila kuandika "halafu" kila mahali.

Na kuna kitu kimoja, "gauni la Lepape" nalo linaweza kuwa sahihi kabisa! Kwenye gazeti lile baadhi ya magauni hayakutoka kwa mshonaji yeyote, wachoraji waliyabuni wenyewe. Angalia yale maandishi ya Kifaransa chini ya picha, ukikuta "de Paul Poiret" au "de Paquin" basi gauni ni la huyo, usipokuta jina la mshonaji usimpe Poiret kwa kukisia.