Usitupe globu iliyoungua: itakuonyesha pikapu yako inaumwa wapi

Tulikuwa tumeshapita Soni, tunateremka kona za kwenda Mombo na kabichi zimejaa hadi juu ya bodi, taa ya kulia ikazimika. Sijapata hata pa kuegesha, ya kushoto nayo ikafuata. Utingo wangu akatoa mkono dirishani na tochi ya simu, tukasogea kwa mwendo wa kinyonga mpaka penye nafasi. Upande mmoja mlima, upande wa pili korongo. Ndani ya miezi miwili hiyo ilikuwa mara ya tano kuunguza globu, na usiku ule niliapa kwamba sinunui nyingine kabla sijajua kinachoziua.

Kila gereji niliyopita walinifungia mpya, ikawaka, nikalipa, nikaondoka. Aliyenisaidia ni fundi umeme mmoja mtu mzima, ambaye kabla ya kufungua boneti aliniuliza, "Kijana wangu, zile zilizoungua ziko wapi?" Kwa bahati tatu zilikuwa bado kwenye dashibodi. Akazipanga juu ya kitambaa cheupe, akaziangalia juani moja moja.

Nikajifunza kuzisoma. Kioo kikiwa kisafi na nyuzi, ule waya mwembamba wa ndani unaowaka, imekatika tu, shuku mtikisiko: huenda taa yenyewe imelegea kwenye shikizo zake. Ukiona ungaunga mweupe ndani, hewa iliingia, maana yake kioo kina ufa. Kioo kikivimba kama lengelenge, kuna aliyekigusa kwa vidole vyenye mafuta. Ndiyo maana globu ya halojeni hushikwa chini, kwenye chuma, na ukiigusa kioo kwa bahati mbaya unaifuta kwa spiriti kabla ya kuifunga. Zangu zote tatu zilikuwa zimeingia weusi wa kung'aa ndani ya kioo, kama za gari lililotembea miaka, ilhali hakuna iliyomaliza mwezi. Zilikuwa zinapewa umeme kupita kiasi.

Akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo, akaweka mita kwenye vichwa vya betri. Ilitakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Yangu ilisoma 15.7. Regulata, kidhibiti cha umeme wa altaneta inayochaji betri, ilikuwa imekufa. Umeme ukizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa globu hupungua karibu nusu, kwa hiyo kwangu hazikuwa na nafasi ya kuishi. Na dalili nilikuwa nazo siku zote: maji ya betri yalikuwa yanakauka haraka, nami nikawa naongeza tu bila kujiuliza. Kama na wewe unaongeza maji kila wiki huku unaunguza globu, anza na altaneta.

Tukabadilisha regulata, nikapumzika miezi minne. Halafu taa ya kushoto ikaanza kufifia na kurudi. Safari hii nyuzi ilikuwa nzima, na globu ikiwa nzima shida iko kwenye njia ya umeme. Nilichomoa soketi nikakuta plastiki imeyeyuka na meno yamekuwa ya kahawia. Hapo kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefunga globu za wati 100 nikitafuta mwanga, wakati waya na soketi zilitengenezwa kwa wati 60. Ampea 5 zikawa zaidi ya 8, na soketi ikaungua polepole.

Pima hivi, taa zikiwa zinawaka. Mita kwenye betri, kisha mita nyuma ya soketi ya taa. Kwangu betri ilikuwa na 13.9, taa inapata 11.6. Upungufu huo pekee unaondoa karibu nusu ya mwanga, na hapo ndipo wengi wetu tunapokimbilia globu kubwa zaidi.

Jambo moja linalowapotosha hata mafundi: pikapu nyingi za zamani za Kijapani, swichi ya taa haikati moto (umeme unaotoka betri), inakata ethi (njia ya kuurudisha kupitia bodi ya gari). Chomoa soketi za pande zote mbili, washa taa, pima kila tundu dhidi ya bodi, ukiwa kwenye dimu (taa ya chini) kisha kwenye fulu (taa ya juu). Likiwepo tundu linalobaki na moto kote kote, gari lako ni la namna hiyo. Usiliongezee ethi ya bodi kwenye taa, maana taa haitazimika.

Dawa iliyokaa ilikuwa relei mbili, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa, moja ya dimu na moja ya fulu, zenye waya nene wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri na fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Waya wa zamani ukabaki na kazi ya kuamsha relei tu. Soketi nikaweka za kauri, globu nikarudisha za wati 60/55. Ondoa kichwa hasi cha betri kabla ya kugusa chochote, na ule mpira wa nyuma ya taa urudishe mahali pake, maana vumbi na maji hupita hapo.

Sasa mita nyuma ya soketi inasoma 13.6. Juzi nimeteremka tena na mzigo saa tisa usiku, na nguzo za pembeni ya barabara niliziona tangu mwanzo wa kona.