Mgonjwa transjenda amefika dirishani: tuanze wapi?

Swali: Nasimamia kituo cha afya viungani mwa Kisumu. Juzi mgonjwa transjenda, yaani mtu ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, aliondoka kabla hajahudumiwa. Nina saa mbili tu za kuwafunza wenzangu kumi. Nianze na homoni?

Jibu: Sista, homoni zisubiri. Anza na dirisha la mapokezi, na mlinzi wa langoni asikose, maana ndiye wa kwanza kumtazama mgonjwa juu hadi chini.

Kiswahili kimetupunguzia kazi: "yeye" haibagui mume wala mke. Tunaumiza watu kwa "mama", "bwana" na kwa majina. Katika kliniki moja nilisikia karani akiita "Otieno!" Aliyesimama alikuwa dada aliyejifunga leso. Benchi zima liligeuka. Alichukua kadi yake akaenda zake, presha haijapimwa. Huku kwetu herufi moja inatosha kukutangaza: Otieno wa kiume, Atieno wa kike. Kwa hiyo iteni namba ya foleni. Jina la kitambulisho libaki kwenye faili kwa ajili ya bima. Mkiwa ndani, mlango umefungwa, muulizeni, "Ungependa tukuite nani?" Wafanye igizo hilo mpaka lisiwakwame mdomoni.

Kwa matabibu, sisitiza viungo alivyo navyo mgonjwa. Mwanamume transjenda, yaani aliyeandikwa wa kike alipozaliwa, mwenye kizazi anahitaji kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Testosteroni, homoni ya kiume, si njia ya kupanga uzazi, hata hedhi ikikoma. Anayetumia estrojeni, homoni ya kike, aulizwe kama damu imewahi kumganda mguuni au kifuani. Wa spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, apimwe potasiamu kwenye damu. Muulizeni dawa anazipata wapi na anameza kiasi gani, bila kumkaripia, la sivyo atawaficha. Na aliyekuja na malaria atibiwe malaria. Nguo zake za ndani hazihusiki.

Huenda mmoja akasema imani yake hairuhusu. Msikilize, kisha msomee Ibara ya 43 ya Katiba: haki ya afya ni ya kila mtu, na matibabu ya dharura hanyimwi yeyote. Mwingine atataka kumpeleka kwa daktari wa akili. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya kuwa transjenda kwenye orodha ya magonjwa ya akili katika ICD-11, toleo la mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, lililoidhinishwa 2019 na kuanza kutumika 2022.

Nusu saa ya mwisho mpe mtu transjenda aliye tayari kuzungumza nao. Mlipe nauli na muda wake, kama unavyomlipa mkufunzi mwingine yeyote.