Bado nausikiliza, ila polepole

Swali lenu la wiki hii linauliza: muziki ulioupenda ukiwa kijana, leo unausikilizaje? Mimi naandika kutoka Kirumba, Mwanza, na muziki wangu ni hevi metali, yaani roki ya magitaa mazito yenye kelele. Mtaani kwetu tulikuwa watatu tu tunaoupenda, na wenzangu wawili wameshahamia Dar.

Nilianza mwaka 1998, nikiwa kidato cha pili. Binamu yangu alirudi kutoka Nairobi na kanda ya bendi ya Metallica, Master of Puppets, ya mwaka 1986. Inaanza na magitaa ya upole, kama mtu anayebembeleza mtoto, halafu yanaingia mengine yanayokimbia kama daladala iliyokatika breki. Kasi ile ndiyo iliyonichukua mzima mzima. Nilipanda kwenye majabali ya Capri Point na redio ndogo ya kaseti, nikasikiliza mpaka betri zikachoka na sauti ikaanza kuvutika. Wimbo wa polepole niliuruka. Bendi ya Black Sabbath niliisikia mara moja, nikasema hao ni wa wazee. Siku moja mama alisikia sauti inavuja kwenye hedifoni, akaniuliza: "Mwanangu, huyo anayelia hivyo kafanywa nini?" Nilikasirika. Jibu sikuwa nalo, maana maneno sikuwahi kuyasikiliza.

Mwaka 2009 nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya bati. Mashine ya kukatia ikaninyofoa ncha ya kidole cha pete, mkono wa kushoto, ule wa kubonyezea nyuzi. Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu, na nilijua yameisha. Wakati nauguza kidonda ndipo nikasoma habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Akiwa na miaka 17, kiwandani Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo ni vilevile vya kubonyezea. Msimamizi wake wa kazi alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyebaki na vidole viwili tu vya kufanyia kazi baada ya kuungua moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya vidole. Akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize, gitaa likashuka sauti, likawa zito. Uzito ule umeigwa na bendi za metali dunia nzima tangu hapo.

Nikairudia albamu yao ya kwanza, ya Februari 1970, niliyokuwa nimeidharau. Mvua, radi, kengele ya kanisa, halafu noti tatu tu, moja baada ya nyingine, bila haraka. Waliowahi kusimama karibu na ngoma za bugobogobo za Wasukuma kule Bujora watanielewa: kifua kinasikia kabla ya sikio. Na mimi nikalegeza nyuzi zangu. Mwalimu wa kwaya alilalamika Jumapili ya kwanza, ya pili akashusha ufunguo wa nyimbo mbili, na waimbaji wa besi wakashukuru.

Kasi sijaikana. Master of Puppets bado naisikiliza, ila sasa nafuata gitaa la besi la Cliff Burton wa Metallica, aliyekufa kwa ajali ya basi nchini Sweden mwaka uleule wa 1986 akiwa na miaka 24. Ujanani sikujua hata kama besi ipo. Na maneno nayafuata pia.

Julai 2025 nilikuwa namwonyesha mama kwenye simu vipande vya onyesho la kuaga la Black Sabbath, lililofanyika Villa Park, Birmingham, tarehe 5. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, aliimba akiwa amekaa kwenye kiti. Mama akauliza kama mzee yule ni mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, ana Parkinson, ugonjwa wa neva unaotetemesha mwili, hawezi kusimama. Alifariki tarehe 22 mwezi huohuo.

Jioni ile ya kutazama vipande nikamkumbusha mama swali lake la zamani, la yule aliyekuwa akilia kwenye hedifoni. Nikamweleza kwamba wimbo uliobeba jina la kanda ile unahusu mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya, na mwenye kuimba ni dawa zenyewe, zinamwamrisha. Mama aliendelea kuchambua dagaa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe. Basi tungemwacha alie."