Sampuli za floraidi: kutoka chemchemi za Meru hadi maabara ya ng'ambo

Maji ya chini ya Mlima Meru ni mazuri kwa macho, ila mengi yana floraidi inayozidi 1.5 mg/L, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Dalili yake ni meno ya kahawia kwa watoto. Ndiyo sababu Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, Arusha, imelivalia njuga suala la maji. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhadhiri wake, alitunukiwa tuzo ya uhandisi barani Afrika kwa chujio lake la maji, na kuanzia 2016 taasisi ilishiriki FLOWERED, mradi wa kuondoa floraidi kwenye maji, pamoja na Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia.

Kwa anayeingia kwenye utafiti wa pamoja wa namna hii, shida kubwa ni maabara mbili kutoa majibu mawili kwa maji yaleyale. Lawama huangukia mashine, wakati kosa mara nyingi limefanyika kisimani.

Kila chanzo kijazie chupa mbili za plastiki. Usitumie kioo, maana floraidi huweza kushikana nacho. Chupa ya kwanza ni ya floraidi: isuuze mara tatu kwa maji ya chanzo hicho, ijaze, ifunge, usitie kitu. Ukitia asidi, floraidi hugeuka kuwa asidi yake, nayo elektrodi, yaani kifaa cha kupimia floraidi maabara, haiioni. Chupa hii hukaa hadi siku 28.

Ya pili ni ya metali. Chuja kwa matundu ya mikromita 0.45, kisha ongeza asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Usitegemee idadi ya matone iliyoandikwa kwenye mwongozo: maji ya Meru yana bikaboneti nyingi inayomeza asidi, kwa hiyo hakikisha kwa karatasi ya pH. Yatatoa mapovu. Subiri yaishe ndipo ukaze kifuniko, la sivyo chupa itavimba na kuvuja ndani ya boksi.

Maabara, changanya mililita 10 za sampuli na mililita 10 za TISAB, bafa (kimiminika cha kutuliza pH) ya vipimo vya floraidi. Viwango, yaani miyeyusho ya kulinganishia yenye floraidi ya 0.1, 1 na 10 mg/L, vichanganywe vivyo hivyo, na hapa ndipo wengi huteleza. Bafa hushusha pH hadi kama 5.5, jambo la lazima kwa maji yetu yenye magadi, kwa kuwa haidroksidi huifanya elektrodi isome zaidi ya kilichopo. Pia huifungua floraidi iliyoshikwa na alumini na chuma.

Kutoka kiwango kimoja hadi kinachokizidi mara kumi, usomaji ubadilike kwa milivolti 54 hadi 60. Ukipata pungufu, usiendelee kupima: safisha fuwele ya elektrodi, tengeneza viwango vipya. Sampuli iliyotoka kwenye friji iache ifikie joto la chumba, sawa na viwango. Hata kikorogeo cha sumaku hupasha bika joto, kwa hiyo weka kipande cha kadibodi kati yake na bika.

Kuhusu karatasi, mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na mkataba wa kuhamisha sampuli husainiwa na taasisi, si na mwanafunzi. Ukianza kuufuatilia baada ya kuchota maji, siku 28 zitaishia ofisini. Msafirishaji aambiwe mapema kuwa chupa zina asidi, kwani bila hivyo mzigo unaweza kukwama uwanja wa ndege.

Kabla ya kufunga boksi, gawa sampuli chache nusu kwa nusu, nusu ibaki Tengeru. Ongeza chupa moja ya maji yasiyo na floraidi na nyingine ya kiwango unachokijua, zote zikiwa na namba za kawaida ili wenzenu wasizitambue. Majibu yakirudi, anzeni kulinganisha na hizo kabla ya kugusa nyingine yoyote.