Mishono miwili ya ziada

Swali: Maelekezo ya sweta ya kroshia yanataka mishono 16 kwa sentimita 10. Mimi napata 18 kwa sindano ya milimita 5. Je, kuna tatizo?

Jibu: Lipo, tena kubwa. Mishono 144 iliyokusudiwa kutoa sentimita 90 kifuani itakupa 80 tu. Unakaza uzi, acha sindano ya milimita 5, chukua ya 5.5, ufume kipande kipya cha majaribio, sentimita 15 kila upande. Kifue kama utakavyofua sweta yenyewe, ukilaze kikauke, maana uzi wa pamba hasa hubadilika ukilowa. Ndipo uweke rula katikati bila kukivuta, uhesabu mishono ya sentimita 10. Ukingoni usipime, mishono ya huko hupindapinda. Nusu mshono nayo ihesabu: ikijirudia kila sentimita 10, kwenye sentimita 90 inafika mishono minne na nusu.