Jibini la mbuzi kwa mbwa: mpe, lakini angalia kilichotiwa ndani

Hapa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, watu wengi tunafuga mbuzi wa maziwa, hasa Toggenburg na Saanen. Maziwa yakizidi yale ya chai na ya watoto, mimi hutengeneza jibini, na wateja wenye mbwa huniuliza: naye akidondokwa na mate, nimmegee? Mmegee. Jibini la mbuzi si sumu kwa mbwa, na Bosco wangu hupata lake. Ila kuna jibini ambalo simpi hata akilia.

La kwanza ni lile lenye viungo. Jibini laini la dukani mara nyingi huchanganywa na kitunguu saumu au majani ya kitunguu ili limpendeze mtu. Kitunguu cha aina yoyote, kiwe kibichi, kimepikwa au ni cha unga, huvunja seli nyekundu za damu ya mbwa. Madhara yake huweza kuchukua siku kadhaa kuonekana: mbwa amelegea, ufizi umepauka, mkojo umekuwa wa kahawia. Kwetu huku kupe ni wengi, na kupe huleta babesia, ugonjwa unaovunja seli hizohizo. Mbwa mwenye babesia hana damu ya kupoteza kwa sababu ya kitunguu. Kwa hiyo soma maandishi ya pakiti yote, hata yale madogo ya nyuma. Jibini lenye ukungu wa buluu nalo liache kabisa, kwa kuwa ukungu ule unaweza kumletea mbwa mtetemeko na degedege.

Halafu uliza maziwa yalichemshwa au la. Mbuzi anaweza kubeba brusela, bakteria wa kuambukiza, huku anaonekana mzima, na jibini la maziwa mabichi likawaambukiza mbwa na watu wa nyumbani. Mimi huyapasha maziwa mpaka yakaribie kutokota, nayaepua, natia maji ya limau, yakishagawanyika nachuja kwa kitambaa safi. Fungu la mbwa nalitenga kabla ya kutia chumvi.

Yale majimaji yanayochuruzika usimwekee mbwa kwenye bakuli. Sehemu kubwa ya laktosi, ile sukari ya maziwa inayowaharisha mbwa wengi waliokomaa, huondoka nayo. Ndiyo sababu mbwa anayeharishwa na kikombe cha maziwa huweza kustahimili kipande cha jibini. Wapo wanaosema maziwa ya mbuzi hayana laktosi. Yanayo, kama asilimia 4 hivi, kidogo tu chini ya ya ng'ombe.

Kiasi? Kwa mbwa wa wastani, vipande vichache vya ukubwa wa harage vinatosha, na siku ya kwanza kimoja tu, kisha umwangalie mpaka kesho yake. Vitafunio vyote kwa jumla visizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula chake cha siku. Mbwa mnene, au aliyewahi kuugua kongosho, asionjeshwe, kwa sababu ya mafuta.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni vidonge. Wengi hutumia jibini kuficha dawa, na kwa dawa nyingi haidhuru. Lakini dawa za kundi la tetrasaiklini, ambazo ndizo hutolewa sana kwa ugonjwa wa kupe uitwao erlikia, hushikana na kalsiamu ya jibini na mwili usizipate zote. Doksisaiklini huathirika kidogo kuliko nyingine, hata hivyo sioni haja ya kuipunguza nguvu wakati mbwa anaumwa. Muulize daktari wa mifugo kidonge ni cha kundi gani. Kikiwa cha hilo, kifiche ndani ya donge la ugali lililochovywa kwenye supu ya nyama isiyo na kitunguu, kisha hakikisha amekunywa maji, maana doksisaiklini ikikwama kooni huchubua.