Usichanganye chupa na luva kwenye kazi moja: samaki wangu tisa walifia Mikindani

Usiwashe hilo tanuru la kuazima. Nimesoma maelezo yako mara mbili: umekusanya chupa za bia za kijani kutoka baa za Shangani, ukaongeza vipande vya luva za bluu, yaani vioo vya madirisha, kutoka nyumba inayobomolewa huko Lindi, na unataka kuviyeyusha pamoja viwe picha za ukutani. Kisha unauliza ununue tanuru gani, upange bei vipi, na msanii wa kioo kama Dale Chihuly wa Marekani anazipataje rangi zake. Bei ya nini, ndugu yangu? Kwa mpango huo hutakuwa na kitu cha kuuza.

Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Mtwara. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikindani aliniagiza picha 12 za samaki, akanitangulizia Sh 900,000. Bahari niliitengeneza kwa kioo cha dirisha, samaki nikawakata kwenye chupa, nikaviunganisha kwa moto wa nyuzi 800 na ushei, nikavipoza usiku kucha, na asubuhi nikavitoa vikiwa vizima na vinang'aa, ukipitisha ukucha hukuti hata mkwaruzo. Nilijiona bingwa. Siku ya nne baada ya kuzitundika, saa nne usiku, yule mama akanipigia simu: “Mwanangu, samaki wako ameniachia mkia ukutani, mwili uko sakafuni.” Nilipofika nilikuta ufa umemfuata samaki pembeni mwake kote, kama mtu aliyemchora kwa penseli, na nikiwa bado nimeinama kuokota vipande nikasikia “ta!” nyuma yangu. Huyo alikuwa wa pili. Katika wiki tatu walipasuka 9 kati ya 12. Fedha ya mama yule nilikuwa nimeshainunulia bati za nyumba, kwa hiyo niliirudisha kwa mkopo, na wale watatu wazima niliwang'oa mwenyewe kabla hawajamwangukia mgeni akinywa chai. Anayehitaji kokoto za bluu na kijani za kupambia bustani aseme, ninazo ndoo mbili.

Kioo sikilaumu. Ninayemlaumu ni mwalimu wa mafunzo ya siku tatu Dar es Salaam, aliyechukua Sh 250,000 zangu, na nilipomwuliza waziwazi kama inafaa kuchanganya, akajibu “kioo ni kioo” bila hata kuinua macho kwenye simu yake. Chupa na kioo cha dirisha kwa kawaida vyote hutokana na mchanga, magadi na chokaa, na hapo ndipo vinapodanganya watu, kwa sababu kila kiwanda kina vipimo vyake, na vipimo vikitofautiana, kutanuka na kusinyaa kwa kioo nako hutofautiana. Kipande cha mita moja cha kioo cha aina hii, kikishuka kutoka nyuzi 540 hivi hadi joto la chumbani, husinyaa kama milimita 4.5. Jirani yake akitaka kusinyaa 4.7, nao wameshikana hawawezi kuachana, watavutana usiku na mchana hadi mmoja apasuke. Ukipoza polepole kiasi gani, mvutano huo hauondoki. Kwa Sh 250,000, nadhani nilistahili kuambiwa hilo.

Hao wakubwa unaowataja hawabahatishi. Mwaka 1962, msanii Harvey Littleton alipoendesha warsha ya kupuliza kioo kwenye jumba la makumbusho la Toledo, Marekani, mchanganyiko wa kwanza waliouyeyusha haukufaa, na kilichowaokoa ni ushauri wa mtaalamu wa kioo Dominick Labino kwamba wayeyushe gololi za kiwandani, zile zilizokuwa zikitengenezewa nyuzi za kioo (fiberglass), ambazo muundo wake ulijulikana. Gololi! Chihuly, mmoja wa waanzilishi wa shule ya sanaa ya kioo ya Pilchuck, Marekani, mwaka 1971, na wenzake hutumia rangi zilizotengenezwa ziendane na kioo chao, na wanaounganisha kioo ndani ya tanuru hununua vioo bapa vilivyokwisha kupimwa kama vinaendana, kama vile vya kiwanda cha Bullseye cha Portland, Marekani. Wewe na mimi tunaookota chupa tuna kanuni moja tu, nayo ni hii: chanzo kimoja, kazi moja. Picha ya chupa iwe ya chupa ileile, ya luva iwe ya luva zilezile.

Ukishindwa kujizuia, basi pima kwanza. Kata ukanda wa luva, weka juu yake kipande kidogo cha chupa, na kando yake kipande cha luva ileile, uviyeyushe pamoja na kuvipoza kama kazi halisi. Kisha uulaze ukanda huo juu ya kioo cha kompyuta mpakato kinachoonyesha ukurasa mweupe, uvae miwani ya jua ile inayokata mng'ao (polarized), na uinamishe kichwa taratibu mpaka ukurasa uwe giza. Kipande cha luva kikitulia gizani, ujue umepoza vizuri. Cha chupa kikizungukwa na mwanga, kama mwezi uliofanya duara, zirudishe luva zako Lindi.